Paking ya mtu mwenye ulemavu Mtwara na Lindi: jinsi ya kuipata kabla hujafika mlangoni

Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalegea, na tangu siku hiyo mimi ndo dereva wake. Kliniki, benki kufuata pensheni, msibani, harusini, kote tunakwenda wawili na kitimwendo kimelala kwenye buti. Haya ninayoyaandika nimeyapata humo humo njiani, na nayaandika kwasababu watu wananiuliza sana, hivi we unafanyaje, mbona nyie mkifika mnapata nafasi.

Siku iliyonifunza ilikuwa siku ya kliniki, mwezi wa kumi, korosho zimeanza kuingia mjini na magari yamejaa kila kona. Nikapaki karibu kabisa na mlango, hatua kama sita hivi, nikatoa kitimwendo nikakifungua nikakiacha nyuma ya gari, nikaingia ndani kuuliza kama daktari yupo ili mama asisumbuke kushuka bure. Narudi nakuta pikapu imesogezwa ubavuni kwetu upande wa mama, kati ya mlango wake na ile pikapu hata ndoo ya lita 20 haipiti, mwenyewe hayupo, na nyuma yetu bajaji zimejipanga kwahiyo hata kurudi rivasi hamna. Mlango ulifunguka kidogo tu ukagota. Saa tano ile, jua la Mtwara mnalijua. Nikapiga honi, nikaulizia kwa walinzi, nikazunguka, na mama baada ya mda akasema taratibu, "Mwanangu turudi tu nyumbani, wasije wakakugombeza." Maneno yale bado ninayo. Hatukumkosea mtu yeyote na bado yeye ndo alikuwa anaona aibu.

Kwahiyo la kwanza kabisa shika hili: kuwa karibu na mlango ni nusu ya jambo, nusu nyingine ni upana wa ubavuni. Ukipewa nafasi hatua mbili kutoka mlangoni lakini mlango wa gari haufunguki wote, hujapewa kitu. Na ukipewa nafasi pana lakini kutoka pale mpaka mlangoni kuna mtaro, ngazi au kichanga, bado hujapewa kitu. Unapokwenda kuomba nafasi kokote omba vitatu kwa pamoja, ukaribu, upana na njia ya kupita, maana ukiomba "paking" peke yake watakupa paking peke yake.

Alaf kabla ya kuomba tengeneza bahasha. Sisi tunaiita bahasha ya mama, inakaa kwenye gari siku zote na kopi nyingine iko nyumbani. Ndani yake kitu cha kwanza ni karatasi ya daktari, na hapa watu wengi wanakosea, wanapeleka karatasi yenye jina la ugonjwa tu. Mlinzi au karani wa ofisi hajui kiharusi cha nani kimemfanya nini, kuna mtu kapata kiharusi na anatembea mwenyewe. Muombe daktari aandike mtu anashindwa nini: hawezi kutembea zaidi ya hatua chache bila kushikwa, anatumia kitimwendo, anahitaji msaidizi wakati wa kushuka na kupanda gari. Mistari mitatu inatosha, na muhuri. Kama hali ni ya mda, mfano mtu kavunjika mguu kwenye bodaboda, aandike na mda wenyewe, miezi mitatu, miezi sita, usione haya kuomba nafasi eti kwasababu utapona, mguu uliofungwa plasta nao haupandi ngazi.

Kitu cha pili ni mtaa. Nenda kwa mtendaji wa mtaa (kama uko kijijini mtendaji wa kijiji) uulize jina la mtu wako limeandikwa kwenye orodha ya watu wenye ulemavu wa pale au la, maana wapo wazee wengi tu wamepata ulemavu uzeeni na familia inasema ni uzee, basi hawaandikwi popote, na asiyeandikwa hahesabiwi zikipangwa huduma. Chukua barua ya utambulisho hapo hapo. Kisha nayo mpaka kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa sisi wa mjini ni Manispaa ya Mtwara Mikindani. Huyu afisa ni mtu wa muhimu sana kuliko watu wanavyodhani, yeye ndo anayejua ofisi gani inasikia na ofisi gani inahitaji kusukumwa, na barua ikipitia kwake inapokelewa tofauti.

Cha tatu ni chama. CHAWATA kwa ulemavu wa viungo, TLB kwa wasioona, CHAVITA kwa viziwi, na vyote viko chini ya shirikisho la SHIVYAWATA. Kama kuna uongozi wa chama karibu na wewe jiunge, kwa kuwa barua ya mtu mmoja ni ombi, ila barua ya chama ikiwa na wanachama kadhaa wanaotumia mlango ule ule ni jambo la kikao. Na kwa uzoefu wangu getini, kitambulisho cha chama chenye picha kinaeleweka haraka kuliko karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne.

Weka na kopi ya kitambulisho cha NIDA, picha mbili za paspoti na kalamu. Bahasha imekamilika.

Sasa barua yenyewe ya kuomba nafasi. Unaipeleka kwa mkuu wa sehemu mnayokwenda mara kwa mara, yaani mganga mfawidhi kama ni hospitali, meneja kama ni benki, uongozi wa msikiti au kanisa, mwalimu mkuu kama mtoto ndo mwenye ulemavu. Kama nafasi unayotaka iko barabarani au sokoni, sio ndani ya geti la mtu, barua inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Iwe fupi. Ya kwangu ilikuwa hivi:

"Mimi ni mtoto na msaidizi wa mgonjwa wenu anayehudhuria kliniki kila mwezi. Mama anatumia kitimwendo na hawezi kutembea. Naomba nafasi moja ya maegesho iliyo karibu na mlango wa wagonjwa wa nje itengwe kwa ajili ya watu wenye ulemavu, iwe na upana wa mita 3.6, na njia kutoka hapo mpaka mlangoni isiwe na ngazi wala mtaro. Nafasi hii itawafaa wagonjwa wote wenye hali kama ya mama. Nipo tayari kuchangia rangi na kushiriki kupima. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inawapa watu hawa haki ya kufika kwenye majengo na huduma bila vizuizi. Naambatanisha karatasi ya daktari na utambulisho wa mtaa."

Angalia mambo mawili humo. Sikuomba nafasi ya mama, niliomba nafasi ya watu wenye ulemavu, mama akiwa mmoja wao. Ukiomba ya mtu mmoja wanaona unataka upendeleo, ukiomba ya wote hata mlinzi anaelewa na siku ambayo nyie hampo anafaidi mwingine. Na sheria nimeitaja mwishoni mwishoni na kwa sentensi moja. Ukianza na sheria mtu anajihami, ila isipokuwepo kabisa barua inawekwa chini ya mafaili. Ukitaka kuongeza uzito, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara ya 9 inataja wazi barabara, majengo, usafiri, shule, hospitali na sehemu za kazi kwamba vifikike. Hiyo iweke kwenye barua ya pili kama ya kwanza haikujibiwa. Na kila barua peleka kopi mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, bila hivyo baada ya wiki tatu utaambiwa haikuonekana.

Mimi ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilikwenda nayo mwenyewe na mama akiwa kwenye kiti, tukakaa kwenye benchi la nje ya ofisi mpaka tukaitwa, na yule bwana alipotoka akamwona mama na mlango wake wenye ngazi mbili, hakusoma hata barua, akasema kumbe tatizo ni hili hapa.

Tuje kwenye vipimo, kwasababu ukiambiwa "haya chora" usibaki umeshika brashi. Gari kama IST ina upana wa mita 1.7 hivi. Nafasi ya kawaida ni mita 2.4, kwahiyo ukipaki katikati unabaki na kitu kama sentimita 35 kila upande, mtu mzima anajipenyeza lakini kitimwendo chenyewe tu kina sentimita 65 na kuzidi. Ndo maana kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni mita 3.6, yaani 2.4 ya gari na 1.2 ya kiti, na ile 1.2 ichorwe mistari ya mshazari ili mtu aone kwamba pale hapapakiwi hata pikipiki. Urefu acha mita 5, na kama kiti kinatokea nyuma kwenye buti ongeza mita moja na kitu. Nenda na kamba uliyoipima nyumbani, usitegemee vidole vya watu wanaosema "panatosha hapa".

Upande gani uachwe wazi nao ni muhimu. Magari yetu dereva anakaa kulia, abiria wa mbele anashukia kushoto, kwahiyo kama mwenye ulemavu ni abiria tafuta nafasi ya mwisho ya mstari ambayo kushoto kwake ni njia ya watu. Kama yeye ndo dereva ni kinyume chake.

Na hapa nieleze kidogo kuhusu kushuka, maana nilichelewa kulijua. Mama ana nguvu mkono wa kushoto. Kushuka naweka kiti kwenye pembe nyuma ya mlango uliofunguka, anageuka miguu nje, mkono wa kushoto unashika mkono wa kiti, breki za kiti nimezifunga zote mbili, vikanyagio nimevipandisha, kanga nimeichomeka isinase kwenye tairi, tunahesabu moja mbili tatu anahamia upande wake wenye nguvu. Kupanda sasa ukiacha kiti pale pale gari linakuwa upande wake wa kulia, ule uliolegea, hapo ndo watu wanaanguka. Inabidi kiti kigeuzwe kiangalie nyuma ya gari, kiingie katikati ya mlango na siti, ili kushoto kwake kuwe na gari. Kwa hilo sentimita 70 hazitoshi kabisa, unahitaji ile mita 1.2 yote. Ukimwambia fundi au mhandisi hivi ukimwonyesha kwa mikono, haulizi tena kwanini unataka nafasi kubwa.

Njia mteremko, hii rampu, hesabu yake ni moja kwa 12. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mita 1.8. Ngazi mbili za 20 kila moja inataka mita 4.8, na watu wengi wanaona ni ndefu mno wanajenga mita mbili, matokeo yake ni kilima, anayesukuma anahema na anayesukumwa anaogopa, mvua ikinyesha ndo basi. Kama nafasi ya kuinyoosha hamna, ikunje kona, weka pa kupumzikia katikati. Upana usipungue mita 1.2, na juu mlangoni kuwe na sehemu ya sawa ya kusimama, sio rampu inaishia kwenye kizingiti. Mlango sentimita 90. Mikindani zile nyumba za zamani zina baraza za juu na milango ya mbele ina kizingiti kirefu, pale usianze kuvunja vya watu, uliza mlango wa uani, mara nyingi uko chini zaidi.

Kile kichanga chetu nacho kina njia yake. Magurudumu madogo ya mbele ndo yanazama, kwahiyo geuza kiti, kiinamishe nyuma kisimame kwenye magurudumu makubwa, uvute kinyumenyume. Tulikuwa na harusi Msangamkuu, ukishavuka na kivuko kuna mchanga mpaka unachoka, vijana wakatandika magunia manne matupu ya korosho, unapita juu ya mawili wao wanahamisha mawili mbele, mama akafika ukumbini hata jasho hana. Tangu siku hiyo magunia mawili yamo kwenye buti.

Alama ya kiti ile nyeupe kwenye buluu mnaifahamu, ilibuniwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed, na mwanzoni haikuwa na kichwa, kichwa kiliongezwa baadae. Inatumika kwa wote wenye ulemavu, sio wa viti peke yao. Ichore chini na iweke na kwenye kibao kilichosimama, cha chini peke yake kikishapakiwa hakionekani tena, na kwenye kibao andika Kiswahili kabisa MAEGESHO YA WATU WENYE ULEMAVU TU.

Ushuru wa maegesho. Siku hizi kijana wa ushuru anaingiza namba ya gari, unapata kontrol namba, usipolipa deni linakaa kwenye mfumo na linaongezeka bila wewe kujua. Usibishane nae, yeye hana mamlaka ya kusamehe na hasira zako atazibeba bure. Kama unataka msamaha kwa gari linalombeba mtu mwenye ulemavu unauomba kwa barua, kwa ofisi inayokusanya ushuru huo, kwa bahasha ile ile, na mpaka ujibiwe kwa maandishi endelea kulipa na utunze risiti. Kuonewa huruma na mtu mmoja mtaani leo hakukusaidii wiki ijayo zamu ikibadilika.

Na kibali chochote utakachopewa, iwe cha geti la hospitali au cha halmashauri, omba kiandikwe jina la mtu, kisiwe namba ya gari. Gari linauzwa, linaharibika, leo mnakuja na la mjomba kesho na bajaji. Uingereza wameliweka vizuri hili. Kule mpango ulianza mwaka 1971 ukiwa na kadi ya rangi ya chungwa, tangu 2000 ni ya buluu, wanaiita Blue Badge, inatolewa na halmashauri ya mahali unapoishi, na ni ya mtu, inafanya kazi kwenye gari lolote alilomo hata teksi. England inalipiwa isiyozidi pauni 10 na inakaa mpaka miaka 3, Wales ni bure. Mwenye kadi England na Wales anaweza kupaki hata kwenye mistari ya njano kwa mda usiozidi masaa matatu, anaweka na kisaa cha karatasi kuonyesha amefika saa ngapi, na anayeitumia kadi hiyo mwenye kadi hayupo kwenye safari anaweza kupigwa faini mpaka pauni 1,000. Tangu Agosti 2019 England waliongeza na ulemavu usioonekana kwa macho. Nalitaja hili kwasababu hata huku kuna mtu anashuka kwenye gari kwa miguu yake na watu wanamnong'ona, kumbe moyo wake haumruhusu kutembea hatua 50.

Kwahiyo shangazi akija likizo kutoka kule na Blue Badge yake, aje nayo. Huku haimpi haki ya kisheria, askari halazimiki kuifuata, lakini iweke juu ya dashibodi pamoja na karatasi ya Kiswahili yenye maneno "Abiria ana ulemavu, anahitaji mlango wa kushoto ufunguke wote" na utaona watu wanavyoacha nafasi. Karatasi hiyo hata mimi ninayo, nimeipiga laminesheni, na kwa kweli imenisaidia kuliko honi.

Mgeni anayekuja kwa ndege, wakati anakata tiketi aseme anahitaji msaada wa kitimwendo na asiseme kiujumla. Kuna aina tatu na mashirika yote yanazijua: WCHR ni yule anayeweza kupanda ngazi za ndege ila hawezi umbali mrefu, WCHS hawezi ngazi, WCHC hawezi kabisa mpaka abebwe hadi kwenye siti. Ukisema WCHR wakati mtu hawezi ngazi, mnafika Mtwara ngazi ya ndege iko mbele yenu na kila mtu anatazama mwenzie. Sema siku mbili kabla, na upige tena siku moja kabla. Anayempokea aongee na walinzi wa uwanja mapema ili gari lisogee karibu na mlango wa kutokea, wenyewe ukiwaambia kabla hawana shida.

Kwa basi kutoka Dar, hizo kilomita mia tano na zaidi, chukua siti za mbele upande wa mlango, fika stendi mapema kabla abiria hawajaanza kusukumana, mwambie konda nani anambeba na anashikwa wapi. Kubebwa kwa kushikwa kwapani kunaumiza bega la aliyepata kiharusi, mkono uliolegea usivutwe kamwe. Kitimwendo kiingie buti mwishoni kabisa ili kitoke cha kwanza, na chukua picha yake kwa simu. Mkishuka stendi ya Mkanaledi usikubali kushushiwa katikati ya bajaji zinazogombania abiria, omba basi lisimame kwanza kabisa.

Gesti na hoteli usiulize "mna huduma za walemavu", watasema tunazo. Uliza ngazi ngapi kutoka gari linaposimama mpaka kitandani. Uliza mlango wa choo una upana gani, mwambie apime na rula au hata karatasi ya A4, upande mrefu wa karatasi ni karibu sentimita 30, mlango ukiwa chini ya karatasi mbili na nusu kiti hakipiti. Omba picha ya choo kwa WhatsApp. Anayekataa kupiga picha ya choo kashakujibu.

Wengi wetu hatuna gari, najua, na kwa bajaji mambo mengi ni yale yale. Tafuta madereva wawili mnaoaminiana, sio mmoja, wafundishe kushika kiti na kumshika mtu, wape na ratiba ya kliniki. Bajaji ina faida yake, inafika mlangoni kabisa, ila mageti mengi yanazuia bajaji isiingie ndani, na hapo ndo ile bahasha inafanya kazi, kwenye barua yako andika "gari au bajaji inayombeba". Neno moja hilo lilituokoa siku gari langu lilipokuwa gereji. Na kama mko kikundi cha watu wenye ulemavu, kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni yenu, inaweza kununua bajaji yenyewe, ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii.

Lindi mjini tatizo ni jingine. Kule ni kilima na bahari, kuna sehemu ukisimamisha gari tu linataka kushuka. Usimshushe mtu kwenye mteremko wa ubavu, kiti kinakimbia hata kama breki umefunga, maana breki za viti vingi zinachoka. Tafuta pa sawa hata kama ni mbali kidogo, weka jiwe kwenye tairi la gari, na kiti kiangalie juu ya kilima wakati anahamia. Hapo mimi nakubali kutembea mita 50 zaidi kuliko kupata nafasi ya mlangoni iliyoinama.

Mwisho ni yule aliyepaki kwenye nafasi yenu. Atakuwepo tu. Usianze na kelele, wengi wao hawajawahi kubeba mtu mzima maishani mwao na hawajui. Mimi nasema, "Samahani ndugu yangu, mzazi wangu hawezi kushuka bila mlango huu kufunguka wote, naomba nisogezee kidogo." Ukisema mzazi mtu anasimama haraka. Akiwa hayupo nenda kwa mlinzi na namba ya gari, aite kwa kipaza sauti. Anayerudia rudia, piga picha ya gari likiwa juu ya alama, sura yake usiipige picha, uipeleke kwa mkuu wa sehemu, na usirushe mitandaoni, kwasababu mnataka nafasi, hamtafuti ugomvi na mtu mtakayekutana nae sokoni kesho.

Pale kwenye kliniki ya mama nafasi ipo sasa, ya mwisho kushoto, na mlinzi ameweka mawe mawili yaliyopakwa chokaa anayaondoa akituona tunakuja. Rangi tuliyopaka mwanzoni ilififia mvua za kwanza tu, tulitumia ya ukutani. Nunua ile ya barabarani, na kila mvua zikiisha mwezi wa tano pita na kopo dogo uirudie, asubuhi kabla ya saa 1 magari hayajaingia. Mama huwa anakuja, anakaa kwenye kiti pembeni, anashika kamba upande mmoja na mimi nashika mwingine.